Shajara ya gari ya samaki: jua paani, injini chini ya kiti

Mwisho wa Januari, Chake Chake

Gari yenyewe ni Toyota Hiace ya dizeli, ya zamani, ile ambayo injini imelala chini ya viti vya mbele. Mwenyewe ni Mjomba. Alfajiri anakuwa diko la Tumbe, samaki wa kawaida anawamaliza Konde na Chake, na wale wa bei, nguru, jodari na pweza wakubwa, anawavusha kwa meli ya magari kutoka Mkoani mpaka Unguja, soko la Malindi. Tokea mwaka jana ana friji la sanduku la volti 12 lenye kompresa yake. Halikuja kuchukua nafasi ya barafu. Limekuja kuilinda barafu isiyeyuke kabla ya safari kwisha. Tabu ni kwamba linazimika njiani, na kila anayemuuliza humjibu neno moja: tia paneli kubwa.

Naiandika shajara hii kwa ajili ya fundi mwenzangu wa Pemba au Unguja atakayeletewa kazi ya namna hii. Paneli zitakuja, lakini asianze nazo. Aanze na waya.

Leo nimefungua tu, sijafunga kitu. Betri ya pili ni betri kavu, yaani ya risasi iliyozibwa isiyoongezwa maji, ya ampia-saa 100, imekaa nyuma ya kiti cha dereva. Waya mmoja wa milimita mraba 2.5 umetoka kwenye chanya ya betri ya injini, umepita chini ya zulia na kuingia moja kwa moja kwenye chanya ya betri ya pili. Rilei, ile swichi inayojiwasha na kujizima yenyewe kwa umeme, hakuna. Fyuzi hakuna. Hasi imebanwa kwenye skrubu ya kiti iliyoliwa na kutu. Friji limechomekwa kwenye soketi ya kiberiti cha gari iliyo karibu na mlango wa nyuma, kwa waya mwembamba wa milimita 1.5.

Kwa hali hii betri zote mbili ni kitu kimoja mchana na usiku. Friji likila, linakula na umeme wa kuwashia injini. Hilo lingevumilika. Lisilovumilika ni ule waya usio na fyuzi, wenye betri kila upande. Bati la kiti likiuchuna na kuugusisha bodi, betri zitamwaga mamia ya ampia kutoka pande zote mbili, na waya wa 2.5 utakuwa mwekundu kabla mtu hajanusa moshi. Gari hii husafiri tumboni mwa meli, imebanana na gari za watu.

Nikaukata palepale. Mjomba alikuwa amesimama mlangoni.

"Mwanangu, mbona umekata? Nitachaji na nini kesho?"

"Kesho utabeba barafu zaidi, Mjomba. Huu siurudishi."

Hakubishana. Alikwenda kuagiza barafu.

Mwanzo wa Februari: hesabu

Nimeliweka friji kwenye betri iliyojaa na kulipima kwa mita ya kubana. Kompresa ikifanya kazi inakula ampia 5. Kwa joto la kaskazi ndani ya gari iliyofungwa, inafanya kazi karibu nusu ya muda. Ni wastani wa ampia 2.5, na kwa saa 24 ni ampia-saa 60.

Betri ya risasi, hata iwe kavu, haipendi kushushwa chini ya nusu kila siku. Ukiifanyia hivyo inakufa mapema. Kwa hiyo kwenye ile 100 iliyoandikwa ubavuni, mali yetu ni 50. Usiku wa meli, tangu gari kuingia foleni bandarini Mkoani mpaka kutoka Malindi, tuseme saa 12, ni ampia-saa 30. Unatosha, ikiwa betri imeingia melini imejaa. Ndani ya meli hakuna jua na injini imezimwa. Kila kitu kinategemea hali ya betri saa ile unapopanda.

Mfumo tunaoujenga si mgeni duniani. Ni ule ule wa karavani za Ulaya, yale matela ya kulala yanayovutwa na gari ndogo. Karavani ina betri yake ya ndani, na inachajiwa kwa njia mbili: paneli juu ya paa, na waya unaotoka kwenye gari inayovuta kupitia plagi ya pini 13. Pini ya 9 ina umeme wakati wote, ya 10 inapata umeme injini ikiwa inafanya kazi, na ya 11 na ya 13 ni njia za kurudi. Nyaya za pini hizo mara nyingi ni za milimita 2.5, na safari yake ni ndefu, kutoka pua ya gari mpaka ndani ya tela. Volti zinafika zimechoka.

Lakini wenye karavani wana kitu tusichokuwa nacho sisi, nacho ni barabara. Anayetoka London kwenda Uskoti anaendesha kutwa. Hata waya mwembamba, ukiupa saa saba, utaitia betri umeme wa maana. Pemba nzima haifiki kilomita 70 kutoka kaskazini hadi kusini. Kutoka Chake mpaka Mkoani ni kama kilomita 30. Ukisimama Mtambile kununua mihogo, dakika 45. Ukipata ampia 20 safi njia nzima, umeingiza ampia-saa 15. Ukipata 8 kupitia waya mwembamba, umeingiza 6, na hizo friji linazila kabla ya usiku wa manane.

Kwa hiyo kwenye kisiwa kama hiki injini peke yake haiwezi kubeba mzigo. Kwa wale wa Ulaya jua ni msaidizi wa injini. Kwetu jua ndilo mwenye kazi na injini ndiyo msaidizi. Mjomba alitaka tufunge waya wa injini tu kwa kuwa gari "kila siku inatembea". Nilimchorea hesabu hii kwenye boksi la fyuzi, akaisoma mara mbili, akasema haya, paneli ziletwe.

Tena kuna sababu nyingine ya kulitegemea jua. Betri ya risasi inapokuwa tupu hupokea umeme kwa pupa, lakini ikifika kiasi cha asilimia 80 inaanza kupokea kidogo kidogo. Inakuwa kama mgeni aliyekwisha shiba: humlazimishi, unamngoja. Sehemu ile ya mwisho inataka saa kadhaa kwenye volti 14.4, hata uwe na altaneta, ile dinamo ya injini inayochaji betri, ya ukubwa gani. Safari ya dakika 45 haina saa hizo. Jua la kutwa linazo. Na betri isiyojazwa mpaka mwisho wiki baada ya wiki hujijengea salfeti ngumu kwenye sahani zake, ujazo unapungua, na mwenyewe anadhani ameuziwa betri mbovu.

Februari, katikati: paneli na kontrola

Zimekuja paneli mbili za wati 100. Kila moja ina seli 36, volti 18 inapofanya kazi, ampia 5.5. Zitalala bapa juu ya paa. Nimeulizwa na mafundi wawili kwa nini siziinamishi. Pemba iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Siku za mwanzo wa Machi na mwanzo wa Oktoba jua la adhuhuri linapita utosini kabisa. Mwezi Juni, linapokuwa mbali zaidi upande wa kaskazini, linainama kiasi cha nyuzi 28 au 29, na paneli bapa inapoteza kama asilimia 12 hiyo saa sita mchana. Kwa gari inayogeuka kila saa, kuinamisha ni kujitafutia upepo na kelele.

Kontrola, kile kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia kwenye betri, imetuletea mjadala mrefu zaidi. Ziko aina mbili, PWM na MPPT. PWM huiburuza paneli ishuke kwenye volti za betri. Paneli ya volti 18 inafanyia kazi volti 13, na tofauti inapotea. MPPT huiacha paneli kwenye volti zake bora, kisha inazigeuza zile volti za ziada kuwa ampia. Ukisoma maelezo ya nchi za baridi utaambiwa bila MPPT umetupa robo ya umeme wako.

Lakini ule wati 100 ulioandikwa nyuma ya paneli umepimwa paneli ikiwa na nyuzijoto 25. Juu ya paa la gari, Februari, saa saba mchana, nimeigusa kwa mkono na kuuondoa mara moja. Kioo kama hicho kinafika nyuzi 60 na zaidi. Kwa kila nyuzi moja juu ya 25, paneli za silikoni hupoteza kama asilimia 0.4 ya nguvu, na karibu hasara yote iko kwenye volti, si kwenye ampia. Nyuzi 40 za ziada ni asilimia 16. Wati 100 zimekuwa 84, na zile volti 18 zimekuwa 15. Sasa PWM, betri ikiwa kwenye volti 14, inachukua ampia 5.5 mara 14, yaani wati 77. Hicho ndicho kilichobaki cha kugombania: 77 dhidi ya 84. Betri ikiwa tupu pengo linakuwa kubwa kiasi, lakini halifiki bei ya MPPT nzuri.

Nimechagua PWM yenye mipangilio ya betri kavu na waya wa kupima joto la betri, paneli mbili zikiwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Pesa iliyobaki imekwenda kwenye shaba. Mwenye gari ya nyumba ya milimani Ulaya asiige uamuzi huu. Mwenye gari ya Pemba aufikirie.

Usambamba una faida nyingine. Chini ya minazi ya Tumbe kivuli cha kuti moja kinatosha kuidhoofisha paneli nzima. Zikiwa sambamba, moja ikifunikwa nyingine inaendelea na kazi yake. Nimemwomba kijana wa gari asipange matenga juu ya keria mbele ya paneli, na ameelewa haraka baada ya kumwonyesha mita ikishuka kutoka ampia 9 hadi 4 kwa tenga moja tu.

Mwisho wa Februari: paa

Paneli zimekaa kwenye vipande vya aluminiamu, zimeinuka kama sentimita 5 kutoka bati la paa ili hewa ipite chini. Bolti ni za stenlesi, na kila mahali stenlesi inapokutana na aluminiamu nimetia washa ya nailoni. Hapa kwetu hewa ina chumvi hata kilomita kadhaa kutoka pwani. Metali mbili tofauti zikigusana kwenye unyevu wa chumvi, ile dhaifu inaliwa, na ile dhaifu hapa ni aluminiamu iliyobeba paneli. Matundu yote ya bolti yamejazwa gundi ya mpira ya magari kabla ya kukazwa.

Nyaya za kushuka ni za milimita 6. Kwa ampia 10, kwenda na kurudi jumla ya mita 10, zinapoteza karibu volti 0.3. Ningeweza kutumia za 4 na zisingeungua, ila kuungua si kipimo pekee. Fyuzi inakuambia waya hautawaka moto. Haikuambii umeme utafika.

Siku ya kuunganisha nilifunika paneli kwa mkeka, nikafunga betri kwenye kontrola kwanza, kisha paneli, kisha nikafunua. Mpangilio huu si wa hiari kwa kontrola nyingi: inapaswa kuiona betri kwanza ijue inafanya kazi kwenye volti ngapi. Saa tano asubuhi ilikuwa inasoma ampia 9.2. Mjomba aliushika ule mkeka akiwa amesimama juani, hakuukunja mpaka aliposoma namba ile mwenyewe.

Machi: shaba ya injini

Hii ndiyo sehemu niliyoingojea. Waya mpya ni wa milimita 16, ule laini wa mashine ya kuchomelea. Nimeununua baada ya kukataa mwingine uliokuwa wa bei nafuu zaidi. Njia ya kuujua ni rahisi: toa unyuzi mmoja, ukwangue kwa kisu. Ukiona weupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Inapitisha umeme vibaya kuliko shaba, na kwenye ncha zilizobanwa inalegea na kuota ukungu mweupe. Kwa gari ya samaki usiichukue hata ukipewa bure.

Urefu kutoka betri ya injini mpaka betri ya pili, kwa njia niliyoipitisha, ni mita 5. Kwenda na kurudi ni 10, kwa kuwa nimevuta na hasi yake kamili badala ya kutegemea bodi yenye kutu. Shaba ya milimita 2.5 kwa mita 10 ina ukinzani wa omu 0.07. Ampia 15 zikipita, volti 1.05 zinabaki njiani. Ile ya milimita 16 ina omu 0.011, hata ampia 20 zikipita, zinazobaki njiani ni volti 0.22.

Kabla ya kuutupa ule waya wa zamani niliurudisha kwa muda, na fyuzi, nipate kipimo cha kulinganisha. Injini ikinguruma, betri ya mbele volti 14.1. Betri ya nyuma, ikiwa imetumika nusu, 13.0. Kwenye volti 13.0 betri kavu inapokea, lakini haitajaa. Ni kiasi cha kuifanya isife tu. Kwa waya mpya, dakika tano baadaye, mbele 14.1 na nyuma 13.8, na ampia zimepanda kutoka 14 hadi 22. Altaneta ni ile ile, betri ni ile ile.

Fyuzi za ampia 60 ziko mbili, moja kila ncha, karibu na betri kadiri mkono unavyofika. Katikati imekaa rilei ya volti. Inaunganisha betri mbili volti zikifika 13.3, maana yake injini inachaji, na inazitenganisha zikishuka 12.8. Injini ikizimwa bandarini, baada ya muda mfupi inasikika ikilia tik, na tangu hapo friji haliwezi kugusa umeme wa kuwashia gari. Nahodha wa zamu hatalazimika kutafuta watu wa kuisukuma Hiace itoke melini.

Kwa gari hii rilei inatosha kwa sababu altaneta yake ni ya kizamani, inakaa kwenye volti 14.1 siku zote. Gari mpya zenye kompyuta huishusha altaneta mpaka 12.5 au 13 ikiona betri ya mbele imejaa, ili kuokoa mafuta. Kwa gari ya namna hiyo rilei itakaa wazi au itapeleka volti zisizo na faida. Hapo hakuna ujanja: inatakiwa chaja ya kati, ile inayopokea volti zozote za gari na kutoa 14.4 upande wa pili. Anayefunga kwenye gari iliyoingizwa miaka ya karibuni aipime altaneta baada ya nusu saa ya mwendo, si gereji ilipowashwa tu.

Machi, mwishoni: friji linazimika melini

Safari ya kwanza ya Unguja na mfumo mpya. Mjomba alinipigia simu alfajiri kutoka Malindi. Friji limezimika usiku, barafu imebaki nusu, samaki wamesalimika kwa kuwa alitia barafu ya akiba. Nikamwuliza betri inasoma ngapi. Akasema 12.4.

Betri ya risasi iliyopumzika ikiwa imejaa inasoma karibu 12.7, na nusu yake ni 12.2 hivi. Kwa 12.4 bado kulikuwa na chakula. Friji lilikufa njaa mbele ya sahani.

Waya wa friji na ile soketi ya kiberiti vilikuwa bado vya zamani. Zamu yake ilikuwa haijafika. Gari iliporudi nilipima sehemu mbili kwa wakati mmoja, kompresa ikifanya kazi. Kwenye vichwa vya betri 12.1. Kwenye plagi ya friji 11.2. Karibu volti nzima imepotea katika mita nne. Waya wa 1.5, kwenda na kurudi mita 8, kwa ampia 5 unakula 0.47. Zilizobaki zinaliwa na soketi yenyewe: ncha ya springi inayogusa kwa nukta moja, imepata moto, imebadilika rangi. Soketi ile ilitengenezwa kuwashia sigara kwa sekunde chache. Haikutengenezwa kulisha kompresa usiku kucha kwenye meli inayotikisika.

Friji nalo lina ulinzi wake: likiona volti ziko chini ya kiwango fulani linajizima, liikinge betri. Lilikuwa limepangwa kwenye ngazi ya juu, ile ya kulinda betri ya kuwashia gari. Likaona 11.2, likaamini betri imekwisha. Limetii kile lilichoonyeshwa na waya.

Sasa lina waya wake wa milimita 6 moja kwa moja kutoka kwenye fyuzi ya ampia 15, na plagi ya kufunga kwa kuzungusha. Kompresa ikifanya kazi, tofauti kati ya betri na friji ni volti 0.15. Ulinzi nimeushusha ngazi ya kati, kwa kuwa betri ya injini haipo tena hatarini. Safari iliyofuata friji liliwaka mpaka Malindi, na Mjomba alinitumia picha ya barafu iliyo nzima, bila maneno.

Aprili: masika

Mvua imekuja ya kwetu hasa. Kontrola iliyokuwa ikisoma 9 au 10 adhuhuri inasoma 3, pengine 4, pengine 2. Hakuna paneli ya kuongeza itakayotibu wingu la siku tatu, kwa hiyo tumeshughulikia upande wa matumizi.

Lililosaidia kuliko yote halina waya ndani yake. Friji lilikuwa likipakiwa chupa za maji ya vuguvugu, kisha gari ndiyo inaambiwa iyagandishe. Sasa chupa zinagandishwa usiku nyumbani kwa umeme wa shirika, zinaingia garini zikiwa mawe. Tokea ulipolazwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010, Pemba haitegemei tena majenereta ya dizeli ya Wesha, na umeme wa usiku nyumbani ni rahisi kuliko ampia yoyote nitakayoipandisha paani. Gari haigandishi tena. Inahifadhi ubaridi uliokwisha patikana. Pia tumelivika sanduku magodoro ya povu pande tatu, tukaacha wazi upande wa kompresa ipumue, na tumelihamisha kutoka dirishani. Kompresa iliyokuwa ikifanya kazi nusu ya muda sasa inafanya kama theluthi. Ampia-saa 60 zimekuwa 40. Hiyo ni sawa na kuongeza paneli nyingine, na mvua haiwezi kuipunguza.

Na Ijumaa, gari inapolala nyumbani, inachomekwa chaja ya ukutani mpaka asubuhi. Katika masika hiyo ndiyo siku pekee ya wiki betri inayofika mwisho kweli.

Joto la betri nalo nimelifuatilia. Nyuma ya kiti cha dereva, juu ya injini, ilikuwa ikifika nyuzi 41. Kwa betri za risasi, kila nyuzi 10 za ziada hukata umri kwa nusu hivi. Nimeihamisha nyuma, karibu na tairi la akiba, ambako haizidi 34, na kebo ilikuwa na urefu wa kutosha. Waya wa kupima joto umegandishwa ubavuni mwa betri. Kontrola inashusha volti za kujazia kidogo betri ikipata moto, ili isichemke.

Mei: swali la lithiamu

Kijana wa gari ameona picha za betri za lithiamu kwenye simu na haniachi. Hoja yake ni nzuri kuliko anavyojua mwenyewe. Betri ya lithiamu ya fosfeti ya chuma ya ampia-saa 100 ina uzito wa kilo 12 hivi, na hii yetu ni karibu 30. Unaweza kutumia sehemu kubwa ya ujazo wake bila kuiumiza. Na kubwa zaidi kwa kisiwa kifupi: inapokea ampia zote unazoipa karibu mpaka ijae, haina ile saa ndefu ya mwisho. Dakika 45 za Chake mpaka Mkoani zingekuwa na thamani kuliko sasa.

Lakini pupa hiyo ndiyo hatari yake. Ukinzani wake wa ndani ni mdogo, na ikiunganishwa kwa rilei tupu itaivuta altaneta ya kizamani kwa nguvu zote, hasa injini ikiwa kwenye mwendo wa taratibu ambapo feni yake haipulizi vya kutosha. Altaneta zinaungua hivyo. Lithiamu kwenye Hiace hii inataka chaja ya kati ya ampia 20, na mahali pa kukaa pasipozidi nyuzi 45 wakati wa kuchaji. Kuisoma nako ni kugumu: volti zake zinabaki karibu 13.2 kwa muda mrefu, kisha zinaanguka ghafla. Bila mita ya kuhesabu ampia-saa, Mjomba angebaki anakisia.

Nimemwambia tuimalize hii iliyopo kwa heshima yake. Ikifa, pesa ya lithiamu na chaja yake iwe tayari. Kebo ya milimita 16 haitabadilishwa, fyuzi ni zile zile.

Mwisho wa Mei

Vipimo vya wiki hii, mvua zikianza kupungua: alasiri kabla ya kupanda meli betri inasoma 12.7 baada ya kupumzika. Alfajiri Malindi 12.45 mpaka 12.5. Gari inawaka kwa mguso mmoja. Ncha zote nimezifungua, nikazikagua na kuzipaka grisi upya. Moja tu, ya hasi kwenye bodi ya injini, ilikuwa imeanza kuota kijani, na nimeibadilisha.

Mjomba sasa anataka tela dogo la kuvuta, la kubebea barafu ya wavuvi wa Tumbe na Kojani, lenye friji lake na betri yake. Nimemkubalia kwa sharti moja, kwamba umeme wa kuchaji usipite kwenye plagi ya taa. Plagi ya pini 13 ibaki na taa na breki. Chaji iwe na plagi yake nzito ya nyaya mbili, milimita 16 kutoka rilei mpaka ndoano, na milimita 16 nyingine kutoka ndoano mpaka betri ya tela, fyuzi kila upande. Nimekwisha kumwandikia urefu: mita 7 nyekundu, mita 7 nyeusi. Anakwenda Unguja Jumanne, na ameondoka na kisu mfukoni cha kukwangulia unyuzi kabla ya kulipa.